Kutu Isiyo na Chuma

Baba alilishika gari langu kwa vidole viwili, akalisogeza dirishani, akaliangalia kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Lilikuwa Land Rover ya zamani ya skeli ya 1:64, urefu wake haufiki sentimita saba. Nilikuwa nimelifanyia kazi majuma matatu, usiku, nikishamaliza kusoma. Fenda zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa iliyokolea kahawia katikati, paa lilionekana kama limetoboka, na ubavuni michirizi ilishuka kama ya mvua za miaka mingi. Paa ndilo nililojivunia zaidi.

Baba ni fundi bodi. Amegonga mabati ya watu hapa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakusema neno. Aliingia ndani, akarudi na sumaku yake, ile anayoitembeza juu ya gari la mteja ili ajue fundi aliyetangulia amejaza puti wapi. Sumaku ikinasa, kuna bati. Isiponasa, chini ya rangi ile kuna mtu amedanganya. Akaipitisha juu ya boneti, paa, fenda. Haikunasa popote. Ilivuta kidogo tu karibu na magurudumu, kwa sababu ekseli zake ni waya wa chuma.

"Hili halina chuma," alisema. "Sasa kutu imetoka wapi?"

Nikaanza kujieleza. Nikataja sanaa, nikataja uhalisia, nikakaribia kutaja semina yetu ya Jumatano. Akanikatiza kwa upole.

"Na ile Land Rover yenyewe, mwanangu, ile kubwa, fenda zake si chuma. Ni aluminiamu. Hazishiki kutu hata uzimwagie bahari."

Nimekuwa nikimjibu kichwani tangu siku hiyo. Nusu ya maneno yake naweza kuyabishia. Nusu nyingine siwezi.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana rafiki zangu wengi hudhani nachezea vigari. Magari haya humiminwa kwenye kalibu kwa aloi ya zinki iliyotiwa aluminiamu, magnesi na shaba kidogo. Kampuni ya Lesney ya London ilianza kuuza Matchbox mwaka 1953; Mattel ya Marekani ikaja na Hot Wheels mwaka 1968. Yalikuwa ya watoto, na ya bei ya watoto. Leo watu wazima huyanunua, hukata ribiti za chini kwa drili, huyatenganisha vipande, hubandua rangi ya kiwandani na kuanza upya. Kwanza huja vitu vidogovidogo: taa, vitasa, mpira unaozunguka kioo, namba ya usajili inayosomeka kwa lenzi tu. Kisha huja uchakazaji, na hapo ndipo wengi hukaa usiku kucha.

Mbinu hazifichiki. Rangi ya mafuta inazimuliwa hadi iwe nyepesi kama chai ya tatu, inaachwa iingie kwenye mifereji ya milango, kisha iliyobaki juu inafutwa. Kingo zinaguswa kwa brashi iliyokaribia kukauka. Wengine hupaka rangi ya kutu kwanza, hupuliza juu yake dawa ya nywele, hupaka rangi ya gari, kisha hulowesha kwa maji na kukwaruza mpaka rangi ya juu ibanduke vipande vipande na kutu ichungulie. Wengine hubandika punje za chumvi, hupuliza rangi, kisha husugua chumvi itoke na kuacha mashimo. Nilipomsimulia Baba hili la chumvi alicheka mpaka akakohoa. Tanga chumvi huja yenyewe, kwa upepo, bure.

Sehemu kubwa ya mbinu hizi haikuzaliwa kwenye magari ya raia. Imetoka kwa watengeneza vifaru vidogo vya kivita. Mbelgiji François Verlinden alizieneza sana miaka ya 1970 na 1980, na baadaye Mhispania Mig Jiménez akazisukuma mbele hadi jina lake likawa kwenye chupa: kutu kwenye chupa, vumbi kwenye chupa, tope kwenye chupa. Nadhani hapa ndipo kosa letu la kwanza lilipoanza. Kifaru ni chuma kizito kutoka mbele hadi nyuma. Kikikwaruzwa popote, chuma kipo chini. Tulipozihamishia mbinu hizo kwenye gari la kawaida hatukuuliza kama gari linaugua ugonjwa uleule. Tukalitibu Land Rover kama kifaru.

Kosa la pili ni la hesabu. Kwenye skeli ya 1:64 milimita moja husimama mahali pa milimita sitini na nne. Doa la sponji ninaloliona dogo mno, kama kichwa cha pini, kwenye gari kubwa lingekuwa shimo la kupitisha ngumi. Nilipolipima paa langu kwa rula nilikuta nimelitoboa mashimo matano ya namna hiyo, na bado dereva wangu wa kufikirika alikuwa akiliendesha kwenda shamba la mkonge. Vumbi nalo ni hivyohivyo. Niliwahi kuchota udongo mwekundu halisi kutoka Lushoto, nikausaga, nikaunyunyiza kwenye matairi, nikijisifu kwamba hakuna udongo ulio halisi kuliko udongo. Kwenye picha ilionekana gari limepita kwenye kokoto. Punje za udongo hazisinyai kwa sababu gari limesinyaa. Ilibidi nitafute rangi ya maji inayofanana na udongo ule, yaani niache kilicho kweli nichukue cha kuiga ili kilicho kweli kionekane. Wanafunzi wenzangu wa fasihi watatambua hapo mjadala ambao hatujawahi kuumaliza.

Lakini makosa ya hesabu husameheka, hurekebishwa kwa brashi nyembamba. Lililonisumbua ni lile la aluminiamu, kwa sababu lilikuwa kosa la kutokujua hadithi ya kitu ninachodai kukisimulia.

Land Rover ilitoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, basi mabati ya nje yakatengenezwa kwa aloi yake. Chesisi ilibaki chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ulibaki chuma. Kwa hiyo gari hilo huzeeka kwa namna mbili ndani ya mwili mmoja. Baba alinichorea kwa kidole mezani. Fenda hubonyea na kukwaruzika, na mkwaruzo hubaki mweupe kama sufuria. Kutu nyekundu hukaa chini: kwenye chesisi, hasa kile chuma cha kukingama nyuma kabisa, na pale dereva anapoweka miguu. Mlangoni kuna jambo la tatu. Fremu ya ndani ni chuma, ngozi ya nje ni aluminiamu, na mahali viwili hivyo vinapogusana, unyevu wa chumvi ukiingia katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Rangi huvimba kama lengelenge. Ukiipasua unamwagika unga mweupe.

"Kama chumvi ya mawe iliyosagwa," alisema. "Wewe umepaka chungwa. Mtu aliyewahi kulifungua gari hili anajua hukulifungua."

Sijapata kusoma uhakiki mfupi na mkali kama huo, na nalipa ada ili niusome.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama kazi za wachakazaji kwa swali moja: je, kutu hii ina chanzo? Si lazima iwe nzuri. Iwe na chanzo. Na nikitazama hivyo, nyingi huanguka. Kuna mtindo unaopendwa sana, hasa Marekani, wa gari lililokutwa ghalani: Volkswagen au Chevrolet iliyosahauliwa miaka arobaini, kutu mwili mzima sawasawa kama iliyopigwa brashi ya nyumba. Siku hizi viwanda vyenyewe vinauza magari yaliyochakazwa tayari. Kutu inapigwa kwa muhuri, na kila gari lililotoka kwenye kalibu ile lina doa lilelile, kwenye fenda ileile, kwa umbo lilelile. Maelfu ya magari yaliyonyeshewa na mvua moja. Sina ugomvi na anayeyanunua. Nasema tu kwamba kutu ni kumbukumbu ya mahali gari lilipolala na upande gani maji yalituama, na kumbukumbu ya watu elfu haiwezi kuwa moja.

Kwa upande mwingine, kazi iliyonishika kuliko zote nilizoona picha zake ilikuwa karibu safi. Pikapu nyeupe, skeli hiyohiyo. Chini ya kifuniko cha mafuta kulikuwa na doa jembamba la kahawia. Rangi ilikuwa imekwisha kuzunguka kitasa cha mlango wa dereva, na kizingiti cha upande huo kilikuwa kimesuguliwa hadi metali. Upande wa abiria haukuguswa kabisa. Nilikaa nayo muda mrefu kabla sijaelewa: mwenye gari hili husafiri peke yake. Aliyelichakaza hakupaka hali ya hewa. Alipaka mtu, kwa vidoa vitatu.

Mwalimu mwingine wa jambo hili, kwa upande wa kinyume, ni Mmarekani Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018. Alibuni mji alioupa jina Elgin Park, akaupiga picha kwa magari ya skeli ya 1:24 aliyoyapanga juu ya meza nje, nyuma yake kukiwa na nyumba na miti halisi. Magari yake mengi yanang'aa kama yametoka dukani, na yananidanganya kuliko kutu zote nilizotaja. Siri iko kwenye jua. Kivuli cha gari na kivuli cha mti vinatoka kwenye jua moja, saa ileile. Mlalo wa meza umelingana na mlalo wa barabara ya nyuma. Jicho likishaamini mwanga haliulizi swali la pili. Ninachokosa kwake ni kazi: katika mji ule sioni mtu aliyechelewa kulipa deni la gari. Ni mji wa kumbukumbu, na kumbukumbu yake imepigwa polishi. Lakini alinifundisha kwamba uchafu si ushahidi wa ukweli. Sisi wachakazaji tunajificha sana nyuma ya uchafu.

Na kuna kejeli moja ambayo sijaona wachakazaji wakiizungumzia vya kutosha. Magari haya madogo yana uozo wake wa kweli. Mengi ya kale, hasa ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, yakiwemo ya Dinky Toys, yalimiminwa kwa zinki iliyochanganyikana na risasi bila kukusudiwa. Kiasi kidogo tu cha risasi kinatosha. Miaka inapita, metali inavimba, inapasuka nyufa, inajipinda, mwisho inasagika mkononi kama biskuti iliyolowa. Haina dawa. Wakusanyaji wanauogopa uozo huu kuliko wezi. Wanalitenga gari lililoathirika, wanalikagua ufa kwa ufa, na hakuna anayelipiga picha kwa fahari. Huo ndio uzee halali wa kitu chenyewe, na haufanani hata kidogo na kutu. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na kabati mbili: moja analilinda lisioze, nyingine analipia ioneshe imeoza.

Hapo nilidhani nimelipata jibu la kumpelekea Baba. Ningemwambia kwamba kutu yangu ni riwaya, si taarifa, na riwaya haihitaji chuma, inahitaji sababu tu. Sumaku yako haiwezi kupima riwaya. Hata sasa naamini hilo ni kweli. Lakini nilipokuwa nikilipanga kichwani, ndani ya basi la kutoka Dar, nilianza kuhesabu magari yaliyotupita kwa jicho la mchakazaji, na nikaona kitu ambacho sikukumbuka kukiona kwenye kazi yoyote ya skeli ndogo.

Hakuna gari lililoachwa lioze. Yote yalikuwa yametengenezwa.

Fuso yenye mlango wa buluu kwenye kichwa cheupe. Noah yenye fenda nyekundu ya praima, yaani mteja alilipia kunyoosha, hakulipia rangi. Bampa lililoshonwa kwa waya mahali lilipopasuka. Lori lenye kiraka cha bati kilichochomelewa, na mshono wake umevimba kama kovu la kisu. Basi lenye puti iliyopasuka ikaanza kumenyeka, na ndani yake rangi tatu za zamani moja juu ya nyingine. Hayo ndiyo magari yanayozeeka ninayoyajua mimi. Hayalali ghalani. Hulala gereji, huamka, huingia barabarani, hurudi. Katika uchakazaji wote niliousoma, kuutazama na kuuiga, gari huugua na hufa. Halitibiwi. Kuna mvua, kuna jua, kuna miaka, lakini hakuna fundi.

Naandika hili kwa uchungu kidogo, nikiri. Ada ya shahada yangu ya kwanza ilitoka kwenye fenda za watu. Tangu mwaka jana kifua hakimruhusu tena Baba kupuliza rangi, na gereji ameipangisha. Hana kazi yake hata moja ya kuonyesha. Fundi bodi akiwa hodari, kazi yake haionekani. Mteja hupitisha kiganja pale palipobonyea na akakosa kupaona, ndipo hulipa. Miaka thelathini na zaidi ya kazi ambayo sifa yake ni kutokuonekana. Kilichobaki mtaani ni kazi za mafundi wabaya, na zile ambazo mteja aliishiwa hela katikati. Halafu mwanawe anakwenda mjini, anasoma fasihi, na kwa wakati wake wa ziada anapaka kutu.

Basi nililibandua lile Land Rover. Nilililoweka, nikalisugua kwa mswaki mpaka zinki ikabaki tupu na ya kijivu, nikaanza tena. Safari hii nilianza kwa kuandika kwenye karatasi gari limepitia nini, kama tunavyofanya na mhusika. Lilikuwa la shamba la mkonge, la kijani. Liligongwa upande wa kushoto. Fenda ikanyooshwa, ikapigwa praima nyekundu, ikaachwa. Mlango wa dereva ulitolewa kwenye gari jingine, la rangi ya maziwa. Chini ya mlango wa abiria niliinua malengelenge madogo kwa ncha ya sindano na gundi, nikayapasua mawili, nikatia unga mweupe kidogo sana, kwa kipimo cha rula. Mikwaruzo nikaiacha ya fedha. Kutu nyekundu niliiweka kwenye bampa na bawaba tu. Kazi ya majuma matatu ya mwanzo ilikuwa imejaa rangi. Hii ilichukua mwezi na robo, na ukiiangalia haraka utadhani sijafanya kitu.

Mlango wa rangi ya maziwa ulinisumbua kuliko vyote. Kwenye gari la aloi mlango ni sehemu ya bodi, haufunguki. Kuufanya uonekane umetoka kwenye gari jingine ilibidi niuchimbe mfereji wake uwe mpana kidogo upande mmoja, kama mlango usiokaa sawa kwenye fremu yake. Niliharibu kimakusudi kitu ambacho kiwanda kilikitengeneza sawa. Sijui kama kuna mtu mwingine atakayeuona mfereji ule. Nilimtengenezea mtazamaji mmoja.

Nilimpelekea Jumapili. Shikamoo, marahaba, chai. Akalipokea, akalisogeza dirishani palepale. Sumaku hakuitafuta. Kidole gumba kilipita juu ya fenda nyekundu, kikarudi, kikasimama kwenye mlango.

"Mlango haujakaa."

"Ndiyo, Baba."

"Fundi wake hakumaliza."

"Mteja aliishiwa hela."

Akacheka, akaniangalia, akacheka tena. "Hiyo kweli," alisema. Akaendelea kulitazama, na mimi nikaanza kumweleza yale malengelenge, ule unga mweupe, jinsi nilivyopima. Alikuwa ananisikiliza nusu. Vidole vyake vilikuwa vimeshaligeuza gari, magurudumu juu.

Kitako chake ni plastiki nyeusi. Kina jina la kampuni, jina la nchi lilikotengenezwa, na zile ribiti mbili nilizozikata kwa drili na kuzijaza gundi. Niliponyunyiza rangi nilikiweka kando ili kisichafuke. Kilikuwa kinang'aa.

Baba aligonga pale kwa ukucha, pale ambapo chesisi ingekuwa.

"Huku hujafika," alisema, akanirudishia.